Geti la Babu Linaburura: Nilikate au Nilitengeneze?

*Mwalimu. Nakuandikia kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Tumerithi nyumba ya babu yetu mzaa mama, na mbele yake pana geti la chuma la pande mbili, lenye mapindi na maua, ambalo wageni husimama kulipiga picha. Mimi nimekua nikining'inia juu yake. Sasa limechoka. Upande wa kushoto unaburura chini hadi umechora nusu duara kwenye sakafu, na kuufungua lazima uunyanyue kwa mikono miwili. Upau wa chini umeliwa na kutu, pengine unautoboa kwa kidole. Ua moja la juu lilivunjika likapotea. Bawaba ya juu, pale inapoingia ukutani, nguzo ya mawe imepasuka na ufa unaingia kidole.*

*Nimemleta fundi wa kuchomelea. Amesema akate sehemu yote ya chini, aweke mabomba ya mraba, atie na ua la dukani, kisha apige rangi nyeusi. Kaka yangu hataki hata hilo. Anasema tuliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tuweke geti la bati zito lisiloonyesha ndani, kwa usalama na stara. Mama hasemi kitu, lakini juzi nilimkuta amesimama peke yake amelishika. Fundi anarudi wiki ijayo. Nifanye nini?*

*Mjukuu, Mji wa Kale*

Mwanangu.

Nianze na la haraka. Mpigie fundi simu leo umwambie asije na grainda wiki ijayo. Mwambie kwa heshima, kwa sababu hajakudanganya: amekupangia kazi anayoifanya kila siku, kwa chuma anachokijua. Ila chuma cha geti lako huenda si hicho anachokijua, na sehemu ikishakatwa ikapelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hairudi.

Sasa isome tena barua yako. Umetaja upau wa chini, umetaja bawaba ukutani, umetaja kuburura. Mapindi ya katikati, yaliyopigwa na jua na mvua tangu enzi za babu, hujayalalamikia hata kwa neno moja. Hapo ndipo jibu lilipo. Maji yakipiga pindi lililo wazi hutiririka, na upepo wa bahari hulikausha. Maji yaliyokusanyika kwenye kona ya upau wa chini, pamoja na majani makavu, mchanga na uchafu wa deki ya kila asubuhi, hukaa hapo siku nzima. Vivyo hivyo maji yaliyoingia ukutani nyuma ya bawaba hayana pa kutokea. Geti lako linaumwa mahali pawili, na uzee si ugonjwa wake. Kulitupa lote kwa sababu ya hapo pawili ni hasara ambayo watoto wako watakuuliza.

Kabla ya kumtafuta fundi mwingine, jua kwanza una chuma gani. Neno letu "chuma" linabeba vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni chuma cha kufua, kile ambacho mhunzi alikitia motoni, akakiweka kwenye fuawe na kukipiga nyundo hadi kikapinda. Cha pili ni chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Cha tatu ni chuma cha kisasa, hicho cha nondo na mabomba ya mraba kinachouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Sumaku haitakusaidia, maana inavikamata vyote vitatu.

Tumia macho na vidole. Pindi la kufua huwa linapungua unene taratibu kuelekea ncha yake, kama mkia, na ukilipapasa utahisi mabonde madogo ya nyundo. Mapindi mawili hayafanani kabisa, kwa sababu kila moja lilipigwa kwa mkono. Yanapokutana yamefungwa kwa kikuku cha chuma au kwa ribiti, bila kuchomelewa. Kutu yake nayo ina tabia yake: huchanika kwa nyuzi nyuzi, kama mbao kuukuu. Maua ya kusubu, kinyume chake, hufanana kama mapacha, petali kwa petali, kwa kuwa yametoka kalibu moja. Ukitazama ubavuni utaona mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na yakivunjika, mvunjiko wake ni wa kijivu wenye chembechembe, bila kupinda hata kidogo. Wasomaji wangu wa Unguja wanaotaka kukijua chuma hiki kwa macho wakumbuke nguzo ndefu za Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883.

Kama bado una shaka, fundi mwenye uzoefu anaweza kugusa grainda kwa sekunde moja mahali pasipoonekana, akatazama cheche. Chuma cha kufua hutoa mistari mirefu ya rangi ya majani makavu, yenye vilipuko vichache. Cha kusubu hutoa cheche fupi za wekundu uliofifia. Cha kisasa hurusha cheche nyeupe zinazopasuka kama vinyota.

Ninahisi, kwa ulivyolieleza, kwamba fremu na mapindi yako ni ya kufua na maua ni ya kusubu. Mchanganyiko huo ulikuwa wa kawaida. Maua, mikuki na nakshi ndogo ziliweza kuagizwa zikiwa tayari kutoka kwenye viwanda vilivyouza kwa katalogi. Maarufu zaidi kilikuwa kiwanda cha Saracen cha Walter Macfarlane kule Glasgow, Uskoti, ambacho kazi zake zilisafirishwa hadi pembe nyingi za himaya ya Waingereza. Kwa hiyo geuza ua mojawapo utazame mgongo wake, huenda pana jina au namba iliyojaa rangi. Kufua nako kulikuwa na wenyewe. Ujenzi wa reli ya Uganda ulioanza Mombasa mwaka 1896 ulileta mafundi wengi kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo wahunzi na maseremala wa jamii ya Ramgarhia, Masingasinga wa Punjab. Sijui geti lako lilipita mikononi mwa nani, ila mtu aliyelipiga alikuwa na moto, fuawe na subira.

Na hili ndilo linalonifanya nikuzuie kukata. Chuma cha kufua cha aina ile hakitengenezwi tena kiwandani. Njia ya kukikoroga kwenye tanuri aliisajili Henry Cort nchini Uingereza mwaka 1784. Mvumbuzi Bessemer alipokuja na njia yake ya kutengeneza chuma kwa wingi na kwa bei nafuu mwaka 1856, cha zamani kikaanza kurudi nyuma, na kiwanda cha mwisho cha Uingereza kilichokuwa kikikitoa kwa biashara, kule Bolton, kilifungwa mwaka 1973. Anayekihitaji leo hukipata kwa kuokoa mabaki ya cha zamani. Ukimwona jirani anatupa nondo kuukuu za madirisha zenye nyuzi nyuzi nilizokueleza, zinunue uziweke ndani. Ndizo zitakazotengeneza upau wako.

Hilo bomba la mraba analolipendekeza fundi lina ukuta mwembamba, wa milimita moja na nusu au mbili hivi, na ndani yake ni uwazi. Hewa yetu yenye chumvi itaingia kwenye kila kitundu kilichosahauliwa wakati wa kuchomelea, na bomba litaoza kuanzia ndani ilhali nje rangi inang'aa. Upau wa zamani ni mzito na umejaa. Hata ukiliwa milimita mbili, bado una kazi nyingi ndani yake.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe. Anza na kuburura, kwa sababu ndiko kunakoharibu mengine. Mageti mengi ya zamani hayakuning'inizwa kwa bawaba mbili kama mlango wa chumbani. Uzito wote hukaa chini, kwenye ncha ya nguzo ya geti inayozunguka ndani ya kikombe cha chuma au cha jiwe kilichozikwa sakafuni, na juu pana pete tu inayolishika lisianguke mbele. Kikombe kile hujaa maji na mchanga. Ncha inasagika, geti linashuka, na upande wa mbali ndio unaanza kuchora sakafu. Mafundi wengi wakiona hivyo hukata upau wa chini ili geti lipite, au huchimba sakafu. Yote mawili ni kutibu kivuli.

Geti lishushwe, lakini usikubali watu wawili walibebe. Upande mmoja wa chuma kilichojaa unaweza kupita kilo mia. Wawe wanne, pawe na magogo ya kulilaza, na kabla halijaguswa lipige picha kila kona, uandike namba kwa chaki kwenye kila kipande kitakachofunguliwa. Kisha kikombe kisafishwe hadi kionekane chuma, na chini yake kitiwe kipande cha duara cha shaba nyeusi au chuma kigumu chenye unene sawa na kile kilichosagika. Kipande hicho peke yake kinaweza kulinyanyua geti likarudi mahali pake. Jaza grisi nzito ili maji yasipate nafasi. Nimeona mageti yaliyohukumiwa kukatwa yakifunguliwa na mtoto kwa mkono mmoja baada ya kazi hii, na upau wa chini wala haujaguswa.

Ufa wa ukutani ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilikotoka. Mkono wa bawaba uliozikwa ndani ya nguzo ukishika kutu huvimba, na nguvu ya kule kuvimba hupasua jiwe la matumbawe bila shida. Mtu akija akaziba ufa kwa saruji, anafungia unyevu na chumvi ndani, na ufa unarudi mkubwa kuliko wa kwanza. Ukiona kiraka cha saruji pale kwenye nguzo yenu, ujue hapo ndipo kosa lilipofanyika mara ya kwanza.

Mkono huo lazima utolewe, kwa tindo ndogo na polepole, bila nyundo kubwa. Sehemu inayoonekana nje, yenye umbo la zamani, ibaki. Ile iliyozikwa na kuoza ndiyo ikatwe, na iungwe mkia mpya wa chuma kisichoshika kutu, kile cha daraja la 316 kinachovumilia chumvi ya bahari kuliko cha kawaida cha masufuria. Kiungio kizibwe vizuri kwa praima na rangi maana vyuma viwili tofauti vikikutana kwenye unyevu, kimoja hukila kingine. Wazee walizoea kumimina risasi iliyoyeyushwa kwenye tundu ili kuushika mkono. Ilifanya kazi nzuri, lakini mvuke wake ni sumu na sikushauri ufanywe kwenye uchochoro wenye watoto. Nguzo ijengwe upya kwa mawe yale yale na udongo wa chokaa na mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni, kwa kuwa una chumvi, na chokaa ipewe muda wa kukauka kabla geti halijarudishwa. Kwa uzito huo ningesubiri wiki kadhaa, geti likiwa limeegemezwa ndani.

Kuhusu upau wa chini: fundi asikate wote. Agonge kwa nyundo ndogo kutoka upande hadi upande, asikilize. Palipo pazima panalia, palipooza panatoa sauti ya kufa. Sehemu iliyotobolewa na kidole ndiyo itoke, hata ikiwa ni sentimita ishirini tu, na kipande kipya kiungwe kwa mkato wa mshazari ili viungane kwa urefu, si kwa ncha. Kuchomelea kunaruhusiwa kwenye chuma cha kufua, lakini mchomeo uingie hadi ndani kabisa. Chuma hiki kina matabaka, na mchomeo wa juu juu hubandua tabaka moja ukaondoka nalo. Mwambie pia aache tundu dogo au mteremko pale maji yalipokuwa yanatuama. Bila hilo, miaka kumi ijayo mtaandikia gazeti tena.

Ua lililopotea ni habari nyingine kabisa, na hapa nakuomba uwe mkali. Niliwahi kusimamia kazi ya kizimba cha dirisha chenye maua ya kusubu. Moja lilikuwa na ufa, na fundi akalichomelea kwa vijiti vyake vya kawaida. Kilionekana kizuri. Tulikuwa tumekaa kivulini tunakunywa chai tuliposikia mlio mkali kama wa kioo. Ua lilikuwa limepasuka pembeni ya mchomeo, mahali palipokuwa pazima. Nilipaswa kumzuia, na sikumzuia. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, hakinyumbuki. Ukikipasha moto mahali pamoja na kwingine kumebaki baridi, kikipoa hujipasua chenyewe. Anayetaka kukichomelea lazima atumie vijiti vya nikeli, akipashe chote moto taratibu na akipoze taratibu, akikifunika kwa majivu au mchanga mkavu. Ua lenye ufa mdogo ni salama zaidi kulifunga kwa nyuma kwa kipande cha chuma na skrubu ndogo. Hakitaonekana kutoka barabarani.

La kwako limepotea kabisa, kwa hiyo lisubiwe jipya. Lifungue ua zima lililo sawa na lile, lipelekwe likatumike kama mfano wa kutengenezea kalibu ya mchanga. Chuma kikipoa hunywea kidogo, kama milimita kumi kwa kila mita, hivyo ua jipya litakuwa dogo kwa unywele mmoja, na huko juu hakuna jicho litakaloona. Utaambiwa na wasubuji wa sufuria kwamba wanaweza kukutolea la alumini kwa bei ndogo. Wanaweza kweli, na wana mkono mzuri. Lakini alumini iliyogusana na chuma kwenye hewa ya bahari italiwa, ikianzia kwenye skrubu. Kama fedha hazitoshi kwa la chuma cha kusubu, basi likae la alumini kwa muda, lakini lipigwe rangi pande zote na litenganishwe na chuma kwa washa za plastiki. Na usikubali ua la dukani la bati lililokandamizwa. Afadhali nafasi ibaki wazi kuliko kuwekwa kitu kitakachokudhihaki kila unapoingia nyumbani.

Sasa rangi. Geti la umri huo lina matabaka mengi, na ya chini chukulia kwamba yana risasi hadi yapimwe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi, ubongo wao ukiwa bado unakua. Kwa hiyo hakuna kukwangua pakavu, hakuna msasa mkavu, hakuna kuchoma rangi kwa moto wa gesi. Tumieni dawa ya kuyeyusha rangi, ile ya kupaka kama uji, au lowesheni kwanza ndipo mkwangue. Tandikeni turubai chini, kusanyeni kila ganda, na vaeni barakoa ya kuchuja vumbi laini, maana kitambaa cha leso hakizuii kitu. Anayefanya kazi abadilishe nguo kabla hajambeba mtoto, na nguo zake zifuliwe peke yake. Kama nyumbani pana mjamzito, kazi hii ifanyike mbali.

Wapo watakaokushauri asidi ya betri ili kutu itoke haraka. Kataa. Asidi huingia kwenye vikuku na ribiti, haitoki tena, na inaendelea kula chini ya rangi mpya. Kwa sababu hiyo hiyo usilipeleke geti la namna hii kuzamishwa kwenye zinki ya moto. Kwanza wataliosha kwa asidi, kisha wataliingiza kwenye zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi, na maua ya kusubu yanaweza kupasuka humo. Kwenye mapindi, brashi ya waya na mkono wa binadamu vinatosha. Kutu iliyoshikana sana kama ngozi haina haja ya kubanduliwa hadi chuma king'ae, lakini inayobanduka yote itoke.

Hatua ambayo watu wa pwani tunaisahau ni kuosha. Chumvi hujificha chini ya kutu, na ukiipaka rangi juu yake umeifungia kazini. Osha geti zima kwa maji yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu. Maji ya kisima cha mjini mara nyingi yana chumvi, basi tumia ya mvua au ya bomba. Likaushe vizuri, na siku hiyo hiyo praima ipigwe, kwa kuwa chuma kilicho wazi kikilala usiku mmoja Mombasa, asubuhi utakikuta kimeota wekundu. Anza saa nne umande ukiisha, acha kabla ya saa kumi. Praima iwe ya zinki fosfeti, mikono miwili, na usiitegemee red oksaidi ya bei rahisi peke yake. Ipigwe kwa brashi, isukumwe ndani ya kila kiungio. Bomba la kupulizia hupita juu ya nyufa na kuziacha wazi. Kisha mikono miwili ya rangi ya mafuta. Nyeusi si lazima. Kwangua kidogo mahali palipojificha, palipolowa, utazame rangi ya kwanza kabisa ya babu yako ilikuwa ipi, ndipo uamue.

Nakuja kwa kaka yako, ambaye hoja zake ni za haki na usizidharau. Stara ya nyumba ni jambo la maana kwetu, na hofu ya wezi si ya kubuni. Lakini mwambie hivi: geti la bati ni tanga. Kusi ikivuma, upepo wote unaopita sasa katikati ya mapindi utaligonga lile bati na kuivuta nguzo ambayo tayari ina ufa. Atajenga nguzo mpya mwaka wa pili. Akitaka stara, seremala atengeneze fremu nyepesi ya vibao vya mshazari, kama vya madirisha yenu, ifungwe kwa ndani kwa vikuku vyenye mpira, bila kutoboa chuma. Upepo utapita, macho hayatapita, na siku mkiitaka itolewe, itatoka. Kitasa kipya nacho kifungwe kwenye kipande chake, kisichomelewe kwenye geti. Na ajue kwamba biashara ya vyuma chakavu Kenya ina sheria yake, ya mwaka 2015, na leseni zake. Asimkabidhi geti mpita njia mwenye mkokoteni.

Zaidi ya hayo, huenda uamuzi si wenu peke yenu. Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, na kuna ofisi ya uhifadhi wake chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nendeni na picha kabla ya kugusa kitu. Wengi huogopa ofisi hiyo kana kwamba kazi yake ni kukataza tu, wakati pana watu wanaojua ni mafundi gani wa chokaa na chuma wamefanya kazi nzuri mitaa ya jirani. Kama nyumba ni ya wakfu, msimamizi wake naye aarifiwe. Wasomaji wa Mji Mkongwe, Unguja, ninyi mlango wenu ni Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Utaniuliza, fundi nimpate wapi? Usimtafute wa mageti. Tafuta penye moto. Nenda kwa mafundi wa jua kali wanaofua majembe, visu, mashoka na nanga za majahazi, waliobakia na mvukuto na fuawe. Mchukulie mmoja wao kipande cha pindi, umwombe afue kinachofanana. Akiweza, huyo ndiye. Nakwambia hivi kwa sababu najua kisa cha Philip Simmons, Mmarekani Mweusi wa mji wa Charleston, South Carolina, aliyezaliwa 1912 na kufariki 2009. Alifundishwa na mhunzi mzee aliyezaliwa utumwani. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa viatu vya farasi na magurudumu ya mikokoteni. Magari yalipoiua kazi hiyo, akaugeuzia mkono ule ule kwenye mageti ya nyumba za mjini, akatengeneza na kukarabati hadi akaacha zaidi ya kazi 500 za chuma cha kupamba. Leo watu husafiri kwenda Charleston kuyatazama mageti yake. Mwaka 1982 nchi yake ilimpa tuzo ya juu kabisa ya sanaa za jadi. Alianza kama hao mnaowapita njiani wakipiga majembe.

Fundi wako wa kuchomelea usimfukuze. Mkutanishe na mhunzi, ashike kazi ya mkia wa bawaba na kipande cha upau, ambazo anazimudu. Akiona jinsi kikuku kinavyofungwa kwa moto, geti la pili mtaani kwenu litakuwa na fundi.

Kama fedha ni kidogo, na mara nyingi ni kidogo, usigawanye kila mahali. Mwaka huu nguzo na kikombe, kwa sababu hizo zikiachwa geti litaanguka na linaweza kumuua mtu. Upau wa chini usafishwe na kupigwa praima usiendelee kuliwa. Ua lisubiri, hata miaka mitatu. Rangi kamili ipigwe kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu, mbali na masika.

Na mama yako, muulize. Muulize geti lilikuwa rangi gani alipokuwa mdogo, nani alikuwa akilitia mafuta, lilifungwa saa ngapi usiku. Uyaandike anayokwambia, uyaweke pamoja na zile picha za kila kona. Fundi atayahitaji, na mama amekuwa akisubiri mtu amuulize.